Nataka kulipia macOS niiweke kwenye Dell yangu, wanauzia wapi?

KijanaWaTabata

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijapigwa hela. Mi natengeneza apu, natumia Flutter, hata mwaka wa pili sijamaliza kwenye hii kazi. Nimepata mteja, mama mmoja ana duka la vipodozi Kinondoni, alitaka apu ya wateja wake kuagizia mzigo bila kupigapiga simu. Ya Android nimemaliza na watu wanaitumia. Sasa juzi kaniita ananiambia wateja wake wale wenye hela zao wanatumia iPhone, kwa hiyo bila ya iPhone ile nusu ya pili ya malipo nisahau kwanza. Nikamwambia hamna shida mama, Flutter si inatoa zote mbili, nikarudi home kwa mbwembwe, ndo nakuta kuijenga ya iPhone lazima upite kwenye Xcode, programu ya Apple ya kujengea apu, na Xcode inakaa kwenye Mac tu.

Mimi nina desktopu ya Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, prosesa i5-7500, ramu 16, SSD 256, nilichukua Kariakoo mwaka juzi na haijawahi kunisumbua. Kuna fundi hukohuko kaniambia nimpelekee mashine na laki na nusu, kesho yake jioni naichukua ina macOS, ule mfumo wa kompyuta za Apple, inapiga kazi kama iMac. Anasema kafanyia watu wengi tu, wa studio za muziki na wale wa kuediti video za harusi.

Ishu yangu ni kwamba sitaki ya wizi. Hii Dell ilikuja na Windows yake yenye leseni, na mteja wangu biashara yake imesajiliwa, sitaki siku moja mtu aje aniulize ile apu uliijengea wapi nianze kubabaika. Niko tayari kulipia kabisa. Nimezunguka kwenye tovuti ya Apple tangu asubuhi mpaka bando limekata nikaweka lingine, natafuta wanapouza macOS peke yake kama unavyonunua Windows, sioni bei wala kitufe cha kununua. Kwa hiyo wanauzia wapi? Na nikishalipia naruhusiwa kuiweka kwenye Dell? Bajeti nzima ni milioni moja na humohumo kuna kodi ya chumba, msinicheke.

MtotoWaMagomeni

Mtu yuko Dar es Salaam na anatafuta pa KULIPIA leseni ya kompyuta 😂😂 jamani mshikeni asikimbie. Sisi wengine lile andiko la kuamilisha Windows liko pale chini kulia mwaka wa nne sasa, tumelizoea kama kalenda ya ukutani.

BintiMsimbo

Muacheni, kauliza swali la maana kuliko mengi ninayoyaona.

Mdogo wangu, kitufe cha kununua hukioni kwa sababu hakipo. Zamani walikuwa wanauza, toleo la Snow Leopard la 2009 lilikuja kwenye diski kwa dola 29, Mountain Lion ya 2012 dola 19.99 unashusha mwenyewe, halafu Mavericks ya 2013 wakaitoa bure na imebaki bure mpaka leo. Lakini hiyo bure uielewe vizuri, ni bure kwa mtu ambaye ameshanunua chuma chao, yaani hela yako wameshaila kule mwanzo. Kwenye mkataba wa leseni, ule tunaobonyeza "kubali" bila kusoma, imeandikwa unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta yenye chapa ya Apple. Dell sio chapa ya Apple. Hata ukisema unaifungia ndani ya VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta, juu ya Windows ni vilevile, wanaruhusu nakala mbili za ziada za namna hiyo ila ziwe ndani ya Mac.

Sasa hilo swali lako la "nikilipia je" kuna watu walishaliuliza mahakamani. Kampuni moja ya Florida inaitwa Psystar, mwaka 2008 wakaanza kuuza kompyuta zao za kawaida zikiwa na Mac OS X ndani, na hawakuwa wanaiba kienyeji, kila mashine walikuwa wanainunulia nakala yake halali dukani. Apple wakawashtaki mwaka huohuo mwezi wa saba. Novemba 2009 jaji William Alsup kule California akawapa Apple ushindi, Psystar wakakata rufaa, Septemba 2011 mahakama ya rufaa ikasema hivyohivyo. Hoja yao kubwa ilikuwa kama yako, tumelipia jamani, diski hii hapa na risiti hii hapa. Wakajibiwa kwamba ulichonunua ni leseni ya kutumia, programu yenyewe haijawa mali yako, na leseni ina masharti yake.

Ndo tofauti na Windows. Microsoft biashara yake tangu mwanzo ni kuuza programu iende kwenye chuma cha mtu yeyote, hajali mazabodi ni ya nani ilimradi leseni ipo. Ila hata hapo kuna mitego, leseni iliyokuja na mashine yako imefungwa kwenye hiyohiyo mashine, ile ya dukani ya boksi ndo unaweza kuihamisha. Na ukigeuza upande wa pili, Windows kuiweka kwenye Mac, ni ruksa. Mac za Intel zilikuwa na Boot Camp tangu 2006, na hizi mpya Microsoft wenyewe walitoa baraka mwaka 2023 Windows 11 ya ARM ikae ndani ya Parallels. Kwa hiyo mlango unafunguka upande mmoja tu.

Kibonge_Mbezi

Sawa dada lakini California na Tabata wapi na wapi? Sheria ya Marekani inamhusu nini mtu anayepanda daladala ya Segerea. Weka mkuu, piga kazi, lipwa, wa kuja kukukagua chumbani kwako nani?

BintiMsimbo

Kaka Kibonge, wa kuja chumbani hayupo, hilo sibishi. Ila usimdanganye mtoto wa watu kwamba huku hamna sheria, tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na programu za kompyuta zimo humo pamoja na vitabu na miziki, COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki, sio ya wasanii wa bongofleva peke yao. Halafu angalia jambo moja. Psystar hawakuwa watu wa nyumbani wanajichezea, walikuwa wanauzia watu. Kwa hiyo hapa anayefanana na Psystar ni yule fundi anayekusanya laki na nusu kwa kila kichwa, kijana wetu ni mteja tu. Na yeye kasema mwenyewe anataka jibu la kumpa mteja akiulizwa, sasa "nani atakuja chumbani" sio jibu unalomwambia mama mwenye duka.

FundiMwenge

Nimechelewa kuona huu uzi. Mi hizo Hackintosh, yaani kompyuta za kawaida zilizowekwa macOS, nimeunda sana tu, kuanzia enzi za Clover mpaka OpenCore, programu za kuziwashia, sijawahi kuchaji mtu nilikuwa nafanya kwa ugonjwa wangu mwenyewe, kwa hiyo ntakwambia ukweli wa kiufundi na sheria muachie dada hapo juu.

Mashine yako ni nzuri kwa hii kazi, hilo fundi wako hajakudanganya. i5-7500 na ile HD 630 ya ndani ni vitu ambavyo Apple walivitumia kwenye iMac za 2017, ndo maana OptiPlex zinapendwa. Kazi yote ni kuidanganya macOS iamini imeamka ndani ya mwili wa Apple. OpenCore inakaa kwenye flashi au kwenye SSD, inawaka kwanza kabla ya mfumo wenyewe, inaipa siria namba na jina la modeli ya Mac, inarekebisha meza za ACPI za Dell (zinazouambia mfumo vifaa vilivyomo), inapakia Lilu na WhateverGreen ya gpu, AppleALC ya sauti, VirtualSMC ya kujifanya ile chipu ya SMC ambayo Mac halisi inayo. Hiyo ya SMC ina kichekesho chake, humo ndani ya mfumo kuna faili linaitwa Dont Steal Mac OS X, na ufunguo wanaoulizia kwenye chipu umeandikwa kama kashairi, kazi yetu ngumu inalindwa na maneno haya tafadhali usiibe. Kila ukiwasha Hackintosh unalijibu shairi hilo kwa uongo. Mara ya kwanza nilivyosoma nilicheka, mara ya pili nikaona aibu kidogo.

Sasa ukuta uko hapa. iMac ya 2017 mwisho wake rasmi ni toleo la macOS la Ventura. Ventura mwisho wake ni Xcode 15.2. Na Aprili 2025 App Store iliacha kupokea apu ambayo haijajengwa na Xcode 16 kwenda juu, na hiyo 16 inataka macOS Sonoma 14.5 au zaidi. Umeona mnyororo huo? Fundi anaweza kukuwekea Ventura ikawaka vizuri, sauti ipo, kioo kinang'aa, unafurahi unaenda nayo nyumbani, unajenga apu, simuleta inafungua, halafu siku ya kupakia ndo unagonga mwamba na yeye laki na nusu yake alishakula zamani. Kuipeleka Sonoma au Sequoia inawezekana, unaidanganya kwamba ni modeli ya miaka ya mbele, mimi nimefanya, lakini kila apdeti unashika roho mkononi. Nilipohamia Sonoma waifai ilikufa kabisa kwa sababu kadi yangu ya Broadcom draiva zake zilitolewa humo, nikakaa wiki nzima navuta intaneti ya simu kwa waya. Kosa langu, nilibonyeza apdeti usiku wa saa sita kabla ya kusoma wenzangu wamekutana na nini.

Na njia yenyewe inaishia. Tangu Novemba 2020 Apple wako kwenye chipu zao wenyewe, M1 na kuendelea, na macOS Tahoe iliyotoka Septemba 2025 wametangaza ndo ya mwisho kwa Intel, tena hata hiyo imeacha Mac za Intel modeli nne tu, zote za 2019 na 2020. Zikishakata hizo hamna tena macOS mpya ya prosesa ya Intel, utamdanganya nani? Mi mwenyewe niliizima ya mwisho mwaka jana. Nimeiachia kwenye diski moja ya pembeni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Wa studio za muziki na harusi ni habari nyingine, wao wanakaa na toleo moja miaka mitano hawaapdeti wala hawapakii kitu kwa Apple, kwa hiyo fundi hasemi uongo akisema wateja wake wanafurahi. Wewe kazi yako inataka toleo jipya kila mwaka.

MzeeWaPleti

Vijana mnaongea kama hili jambo limeanza juzi. Mimi nilikuwa chumba cha uchapaji miaka ya tisini, tunapanga kurasa za magazeti kwenye Mac, tunatoa filamu, tunachoma pleti, nje fundi mashine anapiga kelele mzigo uko wapi. Wakati ule kulikuwa na Mac ambazo sio za Apple na zilikuwa HALALI. Mwaka 1995 Apple walikuwa wanazidiwa na Windows wakaamua kuwapa wengine leseni, Power Computing, Umax, Motorola nao wakaingia na StarMax yao. Mashine zenyewe zilikuwa na nguvu na bei chini ya Apple mwenyewe, na hapo ndo shida ilipoanza maana badala ya kumnyang'anya Windows wateja wakawa wanamnyang'anya baba mwenye nyumba. Aliporudi Steve Jobs 1997 akafunga duka hilo. Leseni walizokuwa nazo wale zilikuwa za System 7, toleo jipya likatoka likaitwa Mac OS 8, basi mikataba ikawa haiwahusu. Power Computing wakalipwa dola milioni 100 za hisa, leseni ikarudi kwa mwenyewe na kampuni ikayeyuka.

Kwa hiyo kijana usisubiri waanze kuuza macOS ya kuweka kwenye Dell. Walishauza, wakaungua, hawarudii.

KijanaWaTabata

Shikamoo mzee, nashukuru, na dada na FundiMwenge Mungu awabariki, hilo la Ventura lingeniua kabisa maana fundi kanitajia hiyohiyo Ventura. Nimempigia nikamuuliza je Xcode 16 itakaa, kanyamaza kidogo halafu akasema "hiyo tutaangalia mbele ya safari". Nimeelewa.

Sasa naomba njia. Mac mpya siiwezi. Nimesikia kuna kukodi Mac ya mtandaoni, ni halali hiyo au nayo ni janjajanja?

BintiMsimbo

Ni halali na ina raha yake, kwa sababu kule mwisho wa waya kuna Mac halisi imekaa kwenye kabati la seva. Apple kwenye leseni yao wameweka na kifungu cha kukodisha, ila sharti mtu akodi si chini ya saa 24 mfululizo, ndo maana Amazon walipoanza kukodisha Mac mwishoni mwa 2020 ukiishika unalipia siku nzima hata kama umetumia nusu saa. Kwa wewe hiyo itakukamua bure. Kwa Flutter angalia huduma za kujengea apu tu, Codemagic au GitHub Actions, unaandika msimbo kwenye Dell yako kama kawaida, unaisukuma juu, wao wanaijenga kwenye Mac zao wanakurudishia apu au wanaipeleka TestFlight, huduma ya Apple ya kujaribishia apu, moja kwa moja. Zina dakika za bure kila mwezi, ila dakika za Mac zinaliwa haraka kuliko za Linux kwa hiyo usisukume kila ukibadilisha rangi ya kitufe.

Lingine usilisahau, akaunti ya Apple ya kuchapisha ni dola 99 kwa mwaka, na hiyo ifunguliwe kwa jina la biashara ya mama alipie mwenyewe. Usiweke yako. Mkigombana mwakani utajikuta unamlipia duka lake.

FundiMwenge

Namuunga mkono dada kwa kuanzia. Ila kikija kitu kinakwama kwenye iPhone tu na Android hakipo, mfano notifikesheni au ruhusa ya kamera, bila Mac mkononi utakuwa unarusha jiwe gizani, unabadilisha mstari, unasubiri dakika kumi na tano, haijakubali, unarudia. Nilishafanya hivyo usiku kucha nikaishia kupitiwa na usingizi kwenye kiti. Ukipata hela tafuta Mac mini ya M1 ya 2020 ya mtumba, Tahoe inaikubali, monita na kibodi unazo tayari. Ukienda kuinunua usiangalie mikwaruzo, mikwaruzo haiui mtu. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake kama mpya, uunganishe na intaneti ya simu yako uone. Ikiuliza barua pepe ya mwenye mali wa zamani, au ikakuandikia inasimamiwa na kampuni fulani, nyanyuka nenda zako hata akushushie mpaka laki tatu.

MtotoWaMagomeni

Halafu baada ya hapo arudi atusimulie, sio mnasaidiwa mnapotea.

KijanaWaTabata

Nimerudi wakuu, ni wiki ya tano. Nilianza na Codemagic kama dada alivyosema, siku tatu za kwanza zote ziliishia kwenye vyeti vya kusaini apu, sitaki hata kukumbuka. Mama kafungua akaunti kwa jina la duka, apu ikaingia TestFlight, akaifungua kwenye simu yake mwenyewe akawa anaonyesha mashosti zake dukani. Apple wakaikataa mara moja kwa sababu sikuweka sehemu ya mtu kufuta akaunti yake, nikarekebisha, mara ya pili ikapita. Nusu ya pili ikaingia jioni ileile.

Hela hiyo nikaongezea nikaenda kutafuta Mac mini. Ya kwanza niliyoonyeshwa Kariakoo ilikuwa safi kama imetoka boksini, nikasema ifute, jamaa akaanza oooh haina haja bosi hii ni ya uhakika, nikakaza, ikafutwa, ikawaka ikasema inasimamiwa na kampuni moja ya Ulaya huko. Nikanyanyuka kama nilivyofundishwa. Nimepata nyingine kwa kijana anahama mji, M1 ramu 8, milioni moja na laki moja, kodi ya chumba nimemwomba mwenye nyumba wiki mbili. Dell imebaki na Windows yake nafanyia Android, zote mbili zinagawana monita moja, huyu kwa HDMI yule kwa DisplayPort.

Swali la mwisho na ntawaacha mpumzike. Natumia kibodi ileile ya Dell, kila nikibonyeza Ctrl na C haikopi kitu, nimehangaika kutwa nzima, imekufa au?

FundiMwenge

Haijakufa. Kwa Mac kitufe cha Windows ndo Command, bonyeza hicho na C.

MzeeWaPleti

Na ukizoea ukirudi kwenye Dell utakuwa unafungua menyu ya Windows kila ukitaka kukopi. Mimi ni mwaka wa thelathini nakosea bado.